Magari ya Maboksi

Mtu asiniambie nitulie. Hospitalini waliniambia nitulie, shuleni wakaniambia nitulie, na mume wangu naye akasimama jikoni na kikombe chake cha chai akaniambia, "Tulia, mke wangu." Kila nilipoambiwa hivyo ndipo nilipozidi kupanda. Mwanangu kavunjwa mguu juu ya kivuko, mbele ya geti la shule yake, asubuhi jua limeshatoka, mkono kauinua juu kama alivyofundishwa. Nitulie ili iweje?

Nyumbani tunamwita Chiriku, na hata shuleni jina hilo limemfuata. Tangu alipojua kusema hajawahi kufunga mdomo. Hata usingizini utamsikia anabishana na mtu, na kwa sauti yake utajua kwamba anashinda. Yuko darasa la nne. Wapo wanaosema kelele hizo amezirithi kwangu, na mimi sibishi.

Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Zamu yangu inaanza kabla ya jua. Watu wanapofumbua macho kutafuta mkate wa chai, mimi nimeshaingiza trei kwenye tanuri na kuzitoa mpaka uso umeniwiva. Mume wangu ni fundi wa mafriji, na fundi wa mafriji hana saa yake mwenyewe. Akipigiwa simu kwamba nyama ya bucha inaharibika, anaacha chakula mezani anakwenda. Gari hatuna. Shule yenyewe iko karibu: unapita duka la dawa, unapita gereji, unafuata ukuta wa kiwanja cha mbao, halafu barabara kubwa, halafu geti. Kwa hiyo Chiriku alikuwa anakwenda mwenyewe kwa miguu, na tangu baba yake alipomletea baiskeli, akawa anakwenda kwa baiskeli.

Baiskeli ilikuwa ya mtumba, imeliwa na kutu. Baba yake aliikwangua yote, akaipaka rangi iliyobaki kwenye kazi zake, ikatoka nyeupe pee kama friji. Wanafunzi wenzake Chiriku wakamtania kwamba tairi likipasuka litatoka barafu. Akawajibu kwamba yeye angalau anafika shuleni amepoa, wao wanafika wananuka jasho. Ndivyo alivyokuwa, ukimrushia neno moja anakurudishia mawili.

Sasa njoo kwa mdogo wangu. Mdogo wangu ni mwalimu pale pale shuleni, na ana moyo mzuri, hilo lazima niliseme kabla sijasema mengine. Ndiye aliyewaamsha wenzake wote kwamba watoto watiwe moyo waje shule kwa miguu na baiskeli. Alisema watoto wanaoletwa na magari wanafika wanasinzia, wanaotembea wanafika wako macho kabisa. Alisema magari yenyewe ndiyo yanayoziba geti kila asubuhi. Nilimuunga mkono kwa asilimia zote. Akaniomba maboksi ya majarini kutoka kiwandani, nikamkusanyia, nikampelekea mengine kichwani.

Yale maboksi aliyageuza magari. Aliyatoboa chini na juu, akayatia kamba za mabegani, akachora taa na namba. Uwanja wa shule akauchora barabara kwa chokaa, na katikati ya barabara akachora kivuko chenye mistari. Watoto wa madarasa ya juu wakavaa maboksi wakawa magari. Wa madarasa ya chini wakawa wanavuka, wengine wakikokota baiskeli, maana walifundishwa kwamba kwenye kivuko unashuka, hupiti umekaa. Angalia kulia, angalia kushoto, kulia tena, inua mkono, gari likisimama vuka.

Niliomba ruhusa siku moja nikaenda kuangalia. Lilikuwa jambo la kupendeza kweli. Mtoto akiinua mkono, yale maboksi yanafunga breki kwa midomo, "Kriiii!", vumbi linatimka, watu wazima tunacheka. Dereva asiyesimama alikuwa anavuliwa boksi, anapewa mwingine. Hakuna aliyetaka kuvuliwa boksi, kwa hiyo kila mtu alisimama, kila mara, wiki nzima. Hata mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma.

Hakuna aliyeliona kosa letu lilikokuwa. Tuliwafundisha watoto barabara ambayo kila dereva anasimama.

Wiki iliyofuata nilikuwa natenga pembeni mikate iliyoungua nikaitwa kwenye simu ya ofisini. Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nilifika hospitalini na kofia ya kiwandani kichwani na aproni imejaa unga, na muuguzi akaniambia, "Mama, tulia." Chiriku alikuwa amelala, mguu wa kulia umewekewa ubao, uso umemchubuka upande mmoja. Hakuwa analia. Alinitazama kama mtu aliyekuwa ananisubiri nimfafanulie jambo.

"Mama, niliinua mkono," akasema.

"Najua, mwanangu."

"Nilishuka kwenye baiskeli. Nikaangalia kote. Nikainua mkono. Mama mdogo alisema ukiinua mkono gari linasimama. Sasa mbona halikusimama?"

Nilimshika vidole tu, nikatazama ukutani.

Aliyemgonga alikuwa mama wa mwanafunzi wa shule ile ile. Alikuwa amechelewa, amegeuka nyuma kumwambia mwanawe avae kiatu, na gari likaendelea kwenda lenyewe mbele. Alikuja hospitalini na mfuko wa machungwa. Nilikuwa nimejiandaa. Tangu asubuhi nilikuwa nayapanga maneno ya kumwambia, na mengine hayasemeki mbele za watu. Lakini yule mama alipofika mlangoni alianguka chini akakaa sakafuni na viatu vyake vya ofisini, akalia kwa sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakaanza kumwambia pole yeye. Hapo ndipo hasira ilipotaka kuniua. Hata mtu wa kumchukia nilikuwa nimenyang'anywa! Nikamwambia aondoke na machungwa yake. Alipofika kwenye korido, Chiriku akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, machungwa angeacha." Ikabidi nimfuate mbio kuyaomba, mtu mzima mimi.

Kwa mdogo wangu ndiko nilikomalizia. Alinikuta nje ya wodi, macho yamemvimba, akanyoosha mikono anikumbatie. Nikarudi nyuma.

"Ulimfundisha uongo," nikamwambia.

"Dada, nilimfundisha sheria. Sheria inasema gari lisimame kwenye kivuko."

"Sheria haina breki!"

"Ulitaka niwafundishe nini? Kwamba wasubiri mpaka barabara iwe tupu? Haiwi tupu!"

"Ungewafundisha kwamba watu hawasimami! Ungevalisha boksi mtu asiye na adabu, mmoja tu, apite bila kusimama, watoto wajue wanakoishi!"

Machozi yakamtoka, na mimi sikumfuta. Nilimwacha pale pale kwenye korido na mkoba wake.

Baada ya muda shule ikaita kikao cha wazazi. Nilikwenda kwa miguu moja kwa moja kutoka kazini, na nilipokaribia geti ikanibidi niteremke barabarani nitembee na malori, kwa sababu njia ya waenda kwa miguu ilikuwa imejaa magari. Ya nani? Ya wazazi waliokuja kwenye kikao cha usalama wa watoto. Niliyapita moja moja nikiwa nimefunga mkono nyuma, maana niliujua mkono wangu.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu mkuu akasimama, akakohoa, akasema kwa masikitiko makubwa tukio lile limetufundisha sote. Kwa hiyo uongozi umeona, kwa usalama wa watoto wetu, kuanzia sasa ni marufuku mwanafunzi kuja shuleni na baiskeli. Na atakayekuja kwa miguu aletwe na mtu mzima. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kuna aliyepiga makofi.

Nilisimama kwa nguvu, dawati likanishika sketi likainuka na mimi.

"Mwalimu mkuu," nikasema, "naomba kuuliza. Mtoto wangu aligongwa na baiskeli?"

"Mama Chiriku, tunaelewa uchungu wako..."

"Sijauliza uchungu. Nimeuliza, aligongwa na nini?"

"Aligongwa na gari, mama. Lakini..."

"Mtoto kagongwa na gari, mnapiga marufuku baiskeli! Kesho mtoto akiumwa na mbwa mtapiga marufuku miguu?"

Wengine wakacheka, na kicheko chao kikanichoma zaidi. Baba mmoja mwenye tai, amekaa dawati la mbele, akageuka akaniambia taratibu, kama anayemwongelesha mgonjwa, "Dada yangu, tulia. Magari hatuwezi kuyazuia. Na wenye magari nao ni wazazi."

"Kwa hiyo mtoto ndiye mnayeweza kumzuia," nikamwambia. "Kwa sababu ni mdogo."

Alitazama simu yake. Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma na walimu wenzake, kichwa chini. Marufuku ikapita.

Nilipomweleza Chiriku, aliniuliza jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka damu inachemka. Alikuwa amekaa kitandani, plasta imeandikwa majina ya wenzake kote. Akaniuliza, "Kwa hiyo wamesema ni mimi niliyekosea?"

"Hapana, mwanangu."

"Kama sikukosea, mbona baiskeli yangu ndiyo imekatazwa?"

Plasta ilitolewa. Mguu ukapona vizuri; daktari alimwambia aruke akaruka. Baba yake aliinyoosha rimu ya baiskeli kwa nyundo na subira, akaipaka rangi upya pale ilipokwaruzwa. Lakini barabara ikawa haivukiki. Nilimpeleka siku ya mapumziko, magari machache, nikamshika mkono. Akafika ukingoni akasimama. Gari likaja, likasimama vizuri kabisa, dereva akatupungia tuvuke. Chiriku akainua mkono, akaweka mguu mmoja kwenye mstari mweupe, akaurudisha. Nikamvuta kidogo. Akanishika kwa mikono miwili, kucha zikanizama. Tukarudi nyumbani.

Tulijaribu tena, na tena. Baba yake alijaribu. Alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa yule, na akiwa mgongoni alipiga kelele mpaka watu wa gereji wakatoka na spana zao wakidhani anaibwa. Baadaye akawa hapigi hata kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Anakula kimya, anaoga kimya, analala kimya. Nyumba ikawa na sauti ya friji tu.

Ndipo mume wangu akaja na lake. Dada yake anakaa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na anafanya kazi kwenye shule ambayo nyumba za wafanyakazi ziko ndani ya uzio huo huo. Mtoto akitoka chumbani ameshafika darasani. Hakuna barabara.

"Nimeongea naye," akaniambia. "Ameshaandaa chumba. Muhula unafunguliwa Jumatatu. Akiweza kuvuka Jumatatu, anabaki. Akishindwa, Jumanne nampeleka kwa shangazi yake."

"Unamhamisha mtoto kwa sababu ya mistari ya barabarani?"

"Namhamisha kwa sababu hasemi!" Mume wangu hapazi sauti, na siku hiyo aliipaza. "Unapigana na shule, unapigana na mdogo wako, unapigana na dunia nzima. Mtoto ananyauka humu ndani. Wewe unataka ashinde au unataka ushinde wewe?"

Nilitupa kitambaa cha vyombo kwenye sinki. Nilitaka kumjibu, na jibu lilikuwa tele, lakini Chiriku alikuwa mlangoni ametusikia. Akatutazama mmoja mmoja.

"Jumatatu nitakwenda," akasema. "Na baiskeli."

"Baiskeli imekatazwa, mwanangu," baba yake akamwambia kwa upole.

"Nikienda bila baiskeli itakuwa nimekubali kwamba nilikosea."

Basi, yule ndiye mwanangu niliyemkosa wiki zote zile, amejitokeza kwa sentensi moja akarudi kujificha. Nililia chooni ili wasinione.

Kazini niliomba kubadilishiwa zamu ya Jumatatu. Msimamizi akaniuliza kama nina msiba. Nikamwambia unaweza ukatokea asiponiruhusu. Akaniruhusu. Jumapili jioni mdogo wangu akagonga mlango. Hatukuwa tumesemeshana tangu hospitalini. Hakukaa.

"Dada, nisamehe au usinisamehe, hilo lako. Kesho nitakuwa upande wa pili, getini. Akivuka, baiskeli itaingia. Nitaiingiza mwenyewe."

"Na mwalimu mkuu?"

"Atanikuta nimeshaiingiza."

Nilimtazama. Yule aliyeinamisha kichwa kwenye kikao! Nikamwambia aingie anywe chai, lakini nilimwambia kwa ukali ili asivimbe kichwa.

Jumatatu tukatoka. Chiriku mbele na baiskeli yake, sare imepigwa pasi, mimi nyuma yake, na baba yake nyuma yangu na begi lake la kazi begani, amevaa uso wa mtu anayekwenda kupokea majibu ya hospitali. Tukapita duka la dawa. Tukapita gereji, mafundi wakamsalimia kwa jina, hakuitikia. Barabarani palikuwa kama sokoni. Magari ya wazazi yamepanda njia ya waenda kwa miguu, mengine yamesimama pembeni ya kivuko chenyewe, milango inafunguliwa, watoto wanashushwa. Ng'ambo nilimwona mdogo wangu amesimama getini na gauni lake la bluu, mikono ameifungia nyuma. Kando yetu watoto wengine wa miguu, ambao wazazi wao nao hawana nafasi ya kuwaleta, walikuwa wamejikusanya, wanasubiri kama kila siku mwanya wa kukimbilia.

Chiriku akaangalia kulia. Kushoto. Kulia tena. Akainua mkono.

La kwanza likapita. La pili likapita na honi juu. La tatu, gari dogo la rangi ya fedha lenye watoto kwenye kiti cha nyuma, likasimama. Dereva alikuwa yule yule baba mwenye tai wa kwenye kikao. Upande wa pili pikapu iliyojaa magodoro nayo ikasimama. Njia ikawa wazi mpaka getini.

Chiriku hakwenda.

"Vuka, mwanangu," nikamwambia. "Yamesimama."

"Hayajasimama," akasema. Mkono ulikuwa bado uko juu. "Yananguruma. Lile la siku ile lilikuwa linanguruma hivi hivi."

Baba mwenye tai akashusha kioo. "Nimesimama! Mnavuka au hamvuki? Nina watoto wa kuwahisha hapa."

Nyuma yake honi zikaanza. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshafumba macho, na niliona Jumanne nzima usoni pake, basi, begi la nguo, mtoto dirishani. Nikahisi ile hasira yangu yote, ya hospitalini, ya kikaoni, ya jikoni, inapanda kifuani kutafuta pa kutokea. Kwa mara ya kwanza nikajua pa kuipeleka. Nikaingia barabarani mpaka kwenye dirisha lake.

"Zima gari," nikamwambia.

"Nini?"

"Zima gari. Mtoto hajui kama umesimama mpaka lizimike."

"Dada, una wazimu? Nimesimama, si unaniona nimesimama?"

"Mimi nakuona. Huyo pale ndiye anayevuka, na mara ya mwisho alipoinua mkono alivunjwa mguu hapo hapo aliposimama. Zima!"

Kutoka kiti cha nyuma kichwa cha msichana kikachungulia. "Baba, zima. Ni Chiriku."

Alimtazama mwanawe kwenye kioo. Sijui aliona nini. Akageuza funguo, na injini ikanyamaza. Nikageukia pikapu. Dereva wake, kijana mwenye mdomo mpana, alikuwa anacheka.

"Mama, mimi ningezima, lakini hii ikizimwa haiwaki. Mpaka isukumwe."

"Zima, nitakusukuma," sauti ikasema nyuma yangu. Alikuwa mume wangu. Ameshaweka begi lake chini.

Kijana akazima. Sasa zikabaki honi za nyuma, na hizo nilizifuata mwenyewe, dirisha kwa dirisha, aproni ya jikoni nimeisahau kiunoni, nikipiga maboneti kwa kiganja. Zima. Na wewe zima. Mwingine alinitukana, nikamrudishia tusi lake na nyongeza, akazima. Wa nyuma yake alizima bila kuambiwa. Kukawa kimya. Nimeishi mtaa ule tangu nilipoolewa, sikuwahi kusikia kwamba kwenye kiwanja cha mbao kuna ndege.

Nikageuka. Chiriku alikuwa ameweka mguu kwenye mstari wa kwanza. Akakokota baiskeli, tairi likitoa kale kasauti ka rimu iliyonyooshwa. Mbele ya pikapu akasimama. Akainamisha kichwa, akatega sikio karibu kabisa na pua ya gari, kama anayesikiliza mtoto mchanga kama amelala. Halafu akaendelea. Watoto wengine wa miguu wakamfuata nyuma, bila kukimbia hata mmoja.

Mdogo wangu hakumkumbatia. Alishika usukani wa baiskeli upande mmoja, Chiriku akashika upande wa pili, wakaiingiza getini. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama ndani, mdomo wazi, na kabla hajasema lolote nilisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ile ajali, kali, ya haraka, inamweleza mtu kwa nini hana haki ya kuuliza.

"Niwashe sasa?" baba mwenye tai akaniuliza.

"Subiri wa mwisho afike."

Akasubiri. Wa mwisho alikuwa mtoto wa darasa la kwanza, begi kubwa kuliko mgongo, na alitembea kama hana shule.

"Na kesho itakuwa hivi hivi?"

"Kesho hivi hivi," nikamwambia. "Na keshokutwa. Zoea."

Mume wangu alikuwa nyuma ya pikapu, bega kwenye magodoro, anasukuma, shati limelowa. Nikaenda nikaweka mikono kando yake. Tukasukuma wote, kijana akiimba huko mbele, mpaka injini ikakohoa na kushika.

"Mpigie dada," mume wangu akasema akihema. "Mwambie asitandike kile kitanda."

"Mpigie mwenyewe," nikamjibu. "Mimi natafuta wa kubadilishana naye zamu ya kesho."